Kuigiza tamthilia behewani kwa mtindo wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza

Kikundi cha Unguja kinachotaka kuigiza tamthilia za Mwingereza William Shakespeare kama zilivyoigizwa London enzi hizo hakihitaji ukumbi wenye taa. Nyumba ya Mji Mkongwe yenye behewa, yaani ua wa ndani, lililozungukwa na roshani inafaa zaidi, kwani kabla ya mwigizaji James Burbage kujenga ukumbi wake Shoreditch, nje kidogo ya kuta za London, mwaka 1576, waigizaji walikuwa wakicheza hata katika nyua za nyumba za wageni zenye umbo kama hilo.

Michezo ilianza yapata saa nane mchana, juani. Kwetu ianze baada ya sala ya Alasiri, na matini yapunguzwe ili yamalizike kabla ya Magharibi. Usiku huonyeshwa kwa maneno, na kwa mwigizaji anayeingia na kandili huku akipapasa ukuta kama asiyeona.

Jukwaa la mbao litokeze hadi katikati ya behewa, watazamaji walizunguke pande tatu. Mkataba wa mwaka 1600 wa kujenga ukumbi wa Fortune, London, ulitaja jukwaa lenye upana wa futi 43. Sisi mita tano zatutosha. Nyuma iwepo milango miwili, na roshani iliyo juu yake iwe mara dirisha, mara ngome. Kivuli kikihitajika, tungikeni turubai, wala msiezeke makuti iwapo mchezo una baruti: ukumbi wa Globe wa London, uliojengwa mwaka 1599, uliteketea mwaka 1613 baada ya mzinga uliopigwa katikati ya mchezo kuwasha paa lake la nyasi. Mandhari ya kuchora hayahitajiki.

Fedha zote ziende kwenye mavazi. Sheria za Uingereza zilipanga nani avae kitambaa gani, lakini jukwaani mtu wa kawaida alivaa hariri na mahameli ya kibwana. Baadhi ya nguo hizo mabwana waliwaachia watumishi wao kwa wasia, nao, kwa kuwa hazikuwafaa kuvaa, wakawauzia waigizaji. Mzanzibari hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana zamani kilemba, joho na viatu vilitosha kumtenga mwungwana na mtumwa. Kwa hiyo msihangaike kutafuta mavazi ya Kizungu. Hata waigizaji wa London walimvika Kaisari wa Roma nguo za zama zao. Mfalme apewe joho lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu, la kuazima kwenye sanduku la mzee, na mtumishi avae kaniki. Mapazia ya mahameli ya mitumba, yakipata fundi mzuri, hutoa mavazi ya mawaziri. Wanawake waliigizwa na wavulana. Sioni sababu ya kuiga hilo, wasichana wapo.

Aliyesimama uani alilipa peni moja, na aliyepanda kukaa aliongeza nyingine. Nanyi fanyeni bei ya chini kwa wanaosimama, lakini roshani ikaguliwe na fundi kwanza, kwani nyumba nyingi zimechoka. Njugu na kashata ziuzwe mchezo ukiendelea. Urojo hapana, utamwagikia kanzu za watu. Mwigizaji anayesema peke yake awatazame watu machoni na kuwauliza, na wakimjibu asikasirike.

Mwisho wa mchezo, hata wa msiba, waigizaji wa London walicheza ngoma. Waiteni wapigaji wa kidumbaki, na muwabakishie dakika kumi kabla ya adhana.