Somo: Kifungua kopo cha mkono kinavyofanya kazi, na namna ya kukirekebisha kinapoteleza

Katika miaka niliyofundisha ufundi wa mitambo, kifaa cha kwanza nilichowapa wanafunzi wakifungue na kukichora kilikuwa kifungua kopo cha mkono. Ndani yake mna wenzo, kabari, gurudumu na ekseli, pamoja na jozi ya giya, na vyote hivyo hukutana mahali padogo kuliko kidole gumba. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa usahihi kwa nini kila kipande kimewekwa pale kilipo hapati taabu kubwa baadaye anapokutana na winchi au mashine ya kukatia bati.

Nimeamua kuliandika somo hili baada ya kijana wa jirani yangu kujikata kiganja akifungua kopo la maharage kwa kisu cha jikoni na jiwe, ilhali kifungua kopo kilikuwamo ndani ya droo ya kabati lilelile. Aliambiwa kuwa kimekufa. Nilipokichukua na kukikagua, niliona kwamba ribiti ya egemeo, yaani pini ya chuma inayoishikilia mikono miwili na ambayo mikono huizunguka, imelegea kwa kiasi cha nusu milimita, na hiyo ndiyo iliyokuwa hitilafu yote. Makosa mengi ya kifaa hiki yana mzizi mmoja, nao ni nafasi iliyopo kati ya kisu cha kifaa chenyewe na gurudumu lake la meno. Ndiyo maana hatua zote zinazofuata zinaielekea nafasi hiyo.

Andaa kifungua kopo cha aina ya kawaida chenye mikono miwili inayobanwa kama plaizi, kopo tupu lenye ukingo chini na juu, rula, brashi ya meno ya zamani, nyundo ndogo na kipande kizito cha chuma cha kugongea juu yake.

Hatua ya 1: Anza na kopo

Usikiguse kifaa kabla hujalielewa kopo. Pitisha kidole kwenye ukingo wake, utahisi tuta dogo linalozunguka. Hilo ni pindo, na limepindwa kama fundi cherehani anavyopinda upindo wa kanga, ila hapa bati la kifuniko na bati la ubavu hupindwa pamoja, moja likiwa limejikunja ndani ya jingine. Ukilikata pindo kwa msumeno mwembamba na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utahesabu matabaka matano: matatu ya kifuniko na mawili ya ubavu. Bati lenyewe kwa kawaida lina unene wa karibu milimita 0.2, kwa hiyo pindo lina unene wa zaidi kidogo ya milimita 1, na kimo chake ni kama milimita 3.

Kutokana na hayo, pindo ni gumu na kifuniko kilicho ndani yake ni laini. Kifaa kimebuniwa ili kikamate palipo pagumu na kukata palipo laini. Makopo ya mwanzo hayakuwa na neema hiyo. Peter Durand alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1810, na kiwanda cha Bryan Donkin na John Hall kikaanza kutoa makopo ya chakula huko Bermondsey, London, mwaka 1813, lakini chuma chake kilikuwa kinene na watu waliyafungua kwa nyundo na patasi. Ni pale bati lilipokuwa jembamba ndipo kifaa cha mkono kilipowezekana, na hataza ya Mmarekani Ezra Warner ilitolewa mwaka 1858.

Hatua ya 2: Mikono na egemeo

Fungua mikono kikamilifu, kisha ifunge polepole huku ukitazama kisu. Utaona kwamba kisu hakitulii mahali pamoja, kinasogea kulifuata gurudumu la meno. Katika aina nyingi, kitovu cha kisu hakikuwekwa katikati ya egemeo; kimesogezwa pembeni milimita chache, hivyo mkono unapozunguka egemeo, kisu huchora tao dogo na kushuka juu ya kifuniko.

Huu ndio ubunifu ninaoupenda kuliko yote katika kifaa hiki. Pima kutoka egemeo hadi mahali unapobana kwa kiganja, kisha pima kutoka egemeo hadi kitovu cha kisu. Kwenye kifaa changu vipimo ni milimita 120 na milimita 6, yaani uwiano wa karibu 20 kwa 1. Ukiondoa kinachopotea kwa msuguano, kiganja cha mtoto wa darasa la tano kinatosha kabisa kukitoboa kifuniko. Lakini uwiano huohuo una gharama yake: mkono ukisafiri milimita 20, kisu husogea milimita 1 tu. Kwa sababu hiyo nusu milimita ya ulegevu kwenye ribiti, ambayo kwingine isingeonekana, hapa ni sawa na kuupoteza mwendo wa milimita 10 wa mkono, na hasa pale mwishoni ambapo kisu kilitakiwa kushuka.

Hatua ya 3: Kisu

Kisu ni sahani ndogo ya chuma kigumu iliyochongwa ukingo wake kuwa kabari. Mara nyingi mteremko wa kabari huwa upande mmoja zaidi kuliko mwingine, ili upande ulionyooka uteleze kando ya ukuta wa pindo na upande wenye mteremko ulisukume bati la kifuniko chini. Kisu kinachozunguka hukata kwa sehemu mpya ya makali kila wakati, ilhali ncha isiyozunguka hulima bati kwa sehemu ileile mpaka iwe butu.

Hatua ya 4: Gurudumu la meno na kizungushio

William Lyman wa Meriden, Connecticut, alipata hataza ya kifungua kopo chenye kisu cha gurudumu mwaka 1870. Kifaa chake kilitakiwa kuchomekwa katikati ya kifuniko, kisha kisu kikazungushwa kama bikari inayochora duara, na urefu wake ulipaswa kurekebishwa kulingana na ukubwa wa kopo. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kulishika pindo lenyewe. Mwaka 1925 kampuni ya Star Can Company ya San Francisco iliongeza gurudumu la pili lenye meno, linalokaa chini ya pindo upande wa nje, na tangu hapo ukubwa wa kopo haukuwa tatizo tena, kwa sababu kifaa hufuata ukingo popote unapopinda.

Gurudumu hilo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Linasukuma pindo kuelekea juu wakati kisu kinasukuma chini, hivyo nguvu mbili zinapingana ndani ya kifaa chenyewe na meza haibebi chochote. Vilevile meno yake huuma chini ya pindo na kulisogeza kopo mbele. Kizungushio chenye umbo la mabawa ya kipepeo kimefungwa kwenye ekseli yake. Bawa la kifaa changu lina milimita 30 kutoka katikati na nusu kipenyo cha gurudumu ni milimita 10, kwa hiyo nguvu ya vidole huongezeka kama mara tatu. Mzingo wa gurudumu ni karibu milimita 63. Kopo la kawaida lenye kipenyo cha milimita 73 lina mzingo wa karibu milimita 229, na hesabu inatupa mizunguko isiyofika minne. Jaribu uhesabu mwenyewe. Ikizidi sana, meno yanateleza.

Hatua ya 5: Giya

Nyuma ya magurudumu hayo, kwenye vifaa vilivyotengenezwa vizuri, mna giya mbili zenye idadi sawa ya meno. Moja inapozunguka kulia, nyingine huzunguka kushoto, na pale kisu na gurudumu la meno vinapokutana, kingo zao husafiri kuelekea upande mmoja. Kisu hivyo hakiburutwi. Msaada huu huonekana kifaa kinapofika kwenye mshono wa ubavu wa kopo, mahali ambapo pindo huwa nene zaidi na kifaa kisicho na giya mara nyingi hukwama.

Hatua ya 6: Pima nafasi

Safisha kwanza kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kwa maana mabaki ya nyanya yaliyokauka kati ya meno huweza kudanganya macho. Funga mikono bila kopo na ukielekeze kifaa kwenye mwanga. Tazama mambo mawili. Kwa kimo, makali ya kisu yanapaswa kuupita ukingo wa gurudumu la meno, kama makali ya mkasi yanavyopishana. Kwenye kifaa changu hupishana kwa karibu milimita 1. Yasipopishana, kisu kitachora mstari juu ya kifuniko bila kukitoboa. Kwa upana, mwanga mwembamba uonekane kati ya nyuso za magurudumu mawili, nayo yasigusane. Mwanga ukiwa mpana, kisu kitakata mbali na ukuta na meno yatatoka chini ya pindo.

Sasa shika mkono mmoja na uusukume mwingine kushoto na kulia, si katika mwelekeo wake wa kufunga. Ukitikisika, ribiti imelegea.

Hatua ya 7: Kaza ribiti

Laza kichwa cha ribiti juu ya chuma kizito. Gonga upande wa pili kwa nyundo, mapigo mepesi yanayozunguka kingo za ribiti badala ya pigo moja zito la katikati. Kila baada ya mapigo mawili au matatu, simama ufungue na kufunga mikono. Acha pale mtikisiko unapokwisha na mikono bado inakwenda kwa urahisi. Kisha jaribu kwenye kopo tupu kwa kuukata ule upande wa chini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Nimejaribu upande wa chini wa kopo la samaki na kifaa kimekataa kabisa kushika, lakini upande wa juu kinakata. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa haliko kwenye kifaa. Kopo lako limetengenezwa kwa vipande viwili: ubavu na kitako vimefinyangwa kutoka bati moja, kwa hiyo chini hapana pindo na gurudumu la meno halina cha kuuma. Tafuta kopo la vipande vitatu, ambalo lina tuta la pindo pande zote mbili.

Mwanachama wa Nakuru: Mimi hutumia mkono wa kushoto, na kila kifungua kopo nilichowahi kushika hunilazimisha kupindisha mwili. Je, naweza kuzungusha kinyume?

Jibu: Tazama meno ya gurudumu. Yakiwa na pande mbili zinazolingana, yatauma pande zote mbili na unaweza kuzungusha kinyume bila madhara. Yakiwa yamelalia upande mmoja kama meno ya msumeno, yatateleza. Hata hivyo taabu yako kubwa inatokana na kizungushio kuwekwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na hilo halirekebishiki kwa nyundo. Viko vifaa vilivyotengenezwa kinyume makusudi kwa ajili ya watu kama wewe, na ninakushauri uvitafute.

Mwanachama wa Dodoma: Naona vinyuzi vidogo vya chuma kwenye chakula. Vinatoka wapi, na je, ninaweza kunoa kisu kwa tupa?

Jibu: Mara nyingi vinatokea mwishoni, pale kisu kinapoupita mwanzo wa mkato na kumenya ukingo uliokwisha kukatwa. Simama sentimita moja kabla ya kukamilisha duara, kisha inua kifuniko kwa mpini wa kijiko na ukikunje nyuma. Vikionekana njia nzima, kisu ni butu. Tupa itateleza tu juu ya chuma hicho kigumu. Tumia jiwe la kunolea lenye punje laini, ukiligusisha kwenye mteremko wa kabari huku kisu kinazunguka. Kikiwa kimepata pengo, nunua kingine.

Mwanachama wa Muscat: Huku nimenunua aina inayokata ubavuni na kutoa kifuniko kizima bila makali. Je, kanuni ni ileile?

Jibu: Wenzo wa mikono na gurudumu la meno ni vilevile, lakini kisu kimelazwa ili kikate tabaka la nje la pindo peke yake, kati ya yale matano. Tabaka hilo likikatwa, mkunjo hauna tena kinachoushikilia na kifuniko kinainuka chote. Ni salama zaidi kwa vidole. Hata hivyo kina cha mkato ni cha sehemu ya milimita, kwa hiyo kifaa hicho hakivumilii ulegevu wala pindo lililobonyea.

Mwanachama wa Mwanza: Nipake mafuta gani?

Jibu: Tone moja la mafuta ya kupikia kwenye ekseli na giya, kisha ufute yanayobaki. Yatakuwa ya kunata baada ya muda, hivyo yaoshe na uyarudie. Oili ya gari isikaribie kifaa kinachogusa chakula. Baada ya kuosha, kikaushe palepale, kwani kutu huanzia ndani ya ribiti ambako kitambaa hakifiki.

Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, nimerudi. Nimegonga ribiti kupita kiasi, sasa mikono haifunguki.

Jibu: Usiilazimishe kwa koleo, utapinda bati la mikono na nafasi ya kisu itapotea moja kwa moja. Tia tone la mafuta kwenye egemeo, uache kwa saa kadhaa. Kisha weka kifaa juu ya nati kubwa ambayo tundu lake linakipokea kichwa cha ribiti bila kukigusa, na bati la mkono likae juu ya nati yenyewe. Gonga mara moja, kwa wepesi, kwenye ncha ya pili ya ribiti. Jaribu mikono. Rudia mpaka isogee, halafu upime tena kupishana kwa makali kama tulivyofanya katika hatua ya 6 kabla hujakirudisha kwenye kopo.