Wakili aje kabla ya pesa: kununua na kuuza kiwanja au nyumba Kigoma

Wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Mwanga huja siku ya kusaini. Bei imeshapatana, pesa imehesabiwa, dalali anasubiri chake, na ninachoombwa ni muhuri tu. Muhuri wangu unathibitisha kwamba fulani na fulani wamesaini mbele yangu. Hausemi kama aliyeuza ndiye mwenye mali. Kwa hiyo mtafute wakili kabla hata ile pesa ndogo ya "kushikia kiwanja" haijatoka.

Hatua ya 1: Hakikisha ni wakili kweli

Vishoka hawakosekani karibu na mahakama na ofisi za ardhi. Ana suti, ana faili, ana muhuri, lakini kwenye orodha ya mawakili hayumo. Ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, andika jina lake, uone kama yupo na kama leseni yake iko hai. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, hivyo cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani hakitoshi.

Kisha muulize kama amewahi kuhamisha hati tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweza kuwa hodari wa kesi za jinai na hajawahi kugusa fomu ya uhamisho. Muulize pia anamtetea nani kwenye mauzo haya. Wakili uliyeletewa na muuzaji au dalali tayari ana wa kumsikiliza. Mnunuzi, chukua wako.

Hatua ya 2: Kazi na ada viandikwe

Malipo ya mawakili yana kanuni zake za mwaka 2015, lakini kinacholeta ugomvi mara nyingi ni kazi yenyewe. Andikeni wazi: je, ada inagharamia upekuzi (kuangalia kumbukumbu za umiliki ofisi ya ardhi), mkataba, kufuatilia kodi na uhamisho, au mkataba peke yake? Ada za serikali na ushuru zitajwe kando. Dai risiti.

Hatua ya 3: Mwache achunguze

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, na hapa ndipo watu wana haraka kuliko popote.

Kama kiwanja kina hati, wakili aombe upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Utaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Nakala ya hati aliyokupa muuzaji haiwezi kukueleza hayo. Kisha mpimaji aende eneoni kuhakikisha kwamba namba iliyo kwenye hati ni ya kiwanja hicho mlichoonyeshwa, si cha jirani.

Kama hakijapimwa, hakuna daftari la kupekua. Wakili aende serikali ya mtaa, aongee na majirani wa pande zote nne, na aulize muuzaji alikipataje. Ukiwa kijijini, iwe Uvinza au Kasulu, uhamisho wa haki ya kimila ya kumiliki ardhi unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake si idhini ya halmashauri.

Nyumba za Ujiji zinataka uangalifu wa pekee. Nyingi ni za urithi: babu alijenga, watoto wametawanyika, mmoja aliyebaki ndiye anayeuza. Kuishi ndani hakumpi mamlaka ya kuuza. Dai barua ya mahakama inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi, na warithi waitwe, waonane na wakili, wasaini kuridhia. Najua inachosha kumtafuta shangazi aliyeko Dar es Salaam, lakini mtafute.

Kuna mwenzi pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mume au mke. Ridhaa iwe ya maandishi, na mhusika aitoe mwenyewe mbele ya wakili, si kwa simu.

Viwanja vya ufukweni, Kibirizi au Bangwe, pimeni umbali kutoka ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Na kwa ndugu zetu wa Burundi na Kongo tunaofanya nao biashara kila siku: asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Kununua kwa jina la rafiki Mtanzania ni kumpa rafiki kiwanja. Wakili anayekushauri ufanye hivyo, mwache.

Hatua ya 4: Mkataba, kisha malipo

Soma rasimu nyumbani, bila watu kukusimamia. Iwe na mipaka, bei, awamu za malipo, nani analipa kodi ipi, na nini kitatokea upande mmoja ukikwama. Jina la wakili aliyeuandaa liandikwe juu yake, na anayeshuhudia mkisaini awe wakili mwingine asiyemwakilisha yeyote kati yenu. Lipeni benki. Awamu ya mwisho ibaki mpaka muuzaji akabidhi hati na fomu za uhamisho zilizosainiwa.

Hatua ya 5: Kodi na uhamisho

Muuzaji, andaa risiti za kununulia na kujengea mapema. Kodi ya faida ya mauzo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na bila risiti utashindwa kuonyesha gharama zako. Msajili wa hati hasajili uhamisho bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba kodi hiyo imeshughulikiwa. Lipa pia kodi ya pango la ardhi inayodaiwa.

Wakili ndiye anayejaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 (za taarifa ya mauzo, maombi ya kibali na uhamisho wenyewe), kufuatilia uthamini, na kuhakikisha ushuru wa stempu umelipwa. Mpigie kila baada ya wiki mbili, umuulize faili liko meza ya nani. Hati ikitoka kwa jina lako, chukua hati yenyewe pamoja na nakala ya faili zima: upekuzi, ridhaa, mkataba na risiti zote.