SOMO: Uwinga wa mtandaoni ukiwa Tanga, mfuko mtupu

Wiki hii nimeulizwa mara tisa: "Dada, unauzaje madera na duka huna?" Mara ya tisa niliulizwa stendi ya Kange, saa saba mchana, nimepakata kiroba na jasho linanichuruzika. Nikasema leo naandika lote. Atakayenifuata tena inboksi namrudisha hapa.

Mitandaoni wanaiita dropshipingi, jina kubwa hadi watu wanaogopa. Kariakoo jambo hilo lipo siku nyingi na linaitwa uwinga. Winga hana duka. Anamdaka mteja barabarani, anampeleka kwa mwenye mali, anaweka cha juu, anachukua chake. Nami nafanya hivyohivyo, ila mteja wangu yuko Makorora hapa Tanga, mwenye mali yuko Dar, na kati yao niko mimi na simu yangu yenye kioo kilichopasuka.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja. Mimi ni madera, baadaye nikaongeza mitandio. Dera halivunjiki njiani, halina ugomvi wa saizi, na Tanga hakuna nyumba lisipovaliwa. Viatu nilivijaribu nikaviacha, maana 38 ya kiwanda hiki siyo 38 ya kile, na mguu wa mteja hausikilizi maelezo.

Hatua ya 2: Pakua WhatsApp Business. Ni bure. Weka jina, katalogi, bei.

Hatua ya 3: Tafuta mwenye mali. Wauzaji wengi wa jumla Kariakoo wana magrupu wanamorusha picha kila asubuhi. Usiingie kwa namba uliyookota kwenye komenti za watu. Nenda mwenyewe japo mara moja, na kama nauli huna, mtume ndugu aliye Dar akaone duka kwa macho yake. Uliza bei ya jumla inaanzia pisi ngapi, kasoro wanabadilisha au hawabadilishi, na mzigo wanaupeleka wenyewe stendi ya Mbezi au utafute mtu. Akisita kwenye hilo la kasoro, hamia duka la pili. Uwe na maduka mawili hata kama la kwanza unalipenda. Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo nilikuwa na oda tatu mkononi na mwenye mali mmoja tu. Nilirudisha pesa za watu siku hiyohiyo, nikakaa nikitazama dari.

Hatua ya 4: Bei. Dera la jumla tuseme 13,000 kuanzia pisi 6. Kiroba kwenye basi nalipia 5,000, ukigawa kwa sita ni kama 830 kila dera. Ongeza makato ya kutuma pesa. Nauza 20,000, nabaki na elfu tano na ushee. Usiuze 15,000 ili upendwe. Utapendwa, na nauli ya bodaboda utakopa.

Hatua ya 5: Oda zina siku zake. Nafunga Jumanne na Ijumaa, kwa sababu nisipofikisha pisi sita bei ya jumla sipati. Mteja wa Jumatano anaambiwa anasubiri Ijumaa, na wengi wanakubali ukiwaambia mapema.

Hatua ya 6: Kupokea pesa. HAPA SOMENI TARATIBU.

Ramadhani ya mwaka juzi, kumi la mwisho, nilirusha stetasi ya dera la kijani, zito, limedariziwa kifuani. Picha ya grupu, mimi sijalishika. Kufika futari watu 11 wamelipa, 20,000 kila mmoja, na enzi hizo nilikuwa nachukua yote mbele. 220,000 kwenye simu! Nikampigia muuzaji: "Yapo?" Akasema, "Yapo dada, tuma." Nikatuma 143,000.

Kiroba kikafika Kange siku mbili kabla ya Idd. Nakifungulia palepale benchini, sita ni yale yale ya pichani. Matano ni kijani kingine, kile cha sare za shule, kitambaa chepesi ukiinua mwangani unamwona jirani upande wa pili. Na katika wateja wangu walikuwemo ndugu wa tumbo moja, wanne, waliokuwa wanataka wavae sare wakiingia kwa mama yao asubuhi ya Idd. Wawili sawa, wawili vioja. Mama yao ni shoga wa mama yangu. Sitaeleza zaidi.

Nilirudisha pesa za watano, 100,000. Piga hesabu: 220,000 toa 143,000, toa 5,000 ya basi, toa 100,000. Nimeingia hasara ya 28,000 kutoka mfukoni, bado makato ya kuwarudishia. Na mimi ninayejisifu sina stoo nikabaki na madera matano chini ya kitanda. Moja ndilo ninalodekia mpaka leo.

Kwa hiyo:

Picha ya jana siyo mzigo wa leo. Kariakoo bidhaa inakwisha kati ya adhuhuri na alasiri. Kabla hujapokea hata mia ya mtu, mpigie muuzaji simu ya video. Akuonyeshe rundo lenyewe, ahesabu mbele yako, atenge pembeni. Kisha mwambie aingize mkono ndani ya dera aunyooshe. Ukiuona mkono, kitambaa kinaonyesha, achana nalo.

Usichukue pesa yote. Sasa hivi mteja wa dera la 20,000 anatanguliza 15,000. Inatosha bei ya jumla, fungu lake la basi na makato. Ile 5,000 ananipa dera likiwa mikononi mwake. Mimi sijaweka shilingi yangu, naye anajua bado nina haja naye.

Pesa ya mteja usile. Hata chips. Mpaka mzigo utoke Dar hiyo ni amana, na kama sokoni una haja, nenda na zako.

Stetasi ya "rangi zote zipo" iwe mwiko. Andika rangi uliyoiona kwenye video, basi.

Hatua ya 7: Kupokea mzigo Kange. Kabla basi halijatoka Mbezi uwe na picha ya kiroba chako kikiwa na jina na namba yako vimeandikwa kwa makapeni, namba ya basi, na simu ya konda. Bila picha, viroba vyote vya buluu ni ndugu.

Hatua ya 8: Peleka. Mimi naendesha baiskeli, mji wetu tambarare, aibu sina.

Hatua ya 9: Ukishapata wateja wa kudumu, chukua TIN, ile namba ya mlipakodi. TRA, watu wa mapato, hawatozi kitu kuitoa.

Maswali tuulizane hapa.

KIJANA WA PONGWE: Dada naomba namba ya huyo muuzaji wa jumla
— Hatua ya 3.

KIJANA WA PONGWE: Nimesoma, lakini si ungenipa tu kuliko nihangaike
— Ungekuwa umesoma ungejua kwa nini sikupi. Namba nikikupa mimi, mzigo ukiharibika utamdai nani? Mimi.

MTU WA MIKANJUNI: Mtaji wa kuanzia ni sh ngapi
— Kichwa cha somo kinasemaje, kaka?

FUNDI SAHARE: Samahani lakini huu siyo utapeli? Unamuuzia mtu kitu ambacho huna.
— Fundi, mtu akija kwako na advansi ya kitanda, mbao unazo tayari? Si unachukua advansi ndiyo unaenda kununua mbao? Tofauti yangu na yako mimi dera linafika siku niliyosema.

FUNDI SAHARE: Hahaha. Hilo la siku umenipata. Nimeelewa.
— Haya, tumesameheana. Nina oda ya meza ndogo, nitakuja.

MAMA ZU MAKORORA: Mwanangu hongera. Mteja akiliona dera akalikataa mkononi, na ameshatanguliza 15,000, unafanyaje? Mimi nauza vitumbua, watu wa hapa nawajua.
— Shikamoo mama. Swali zuri. Kama ni kasoro, au siyo alichoagiza, narudisha yote papo hapo, sibishani, halafu namgeukia muuzaji. Kama dera ni lile lile ila amebadili moyo, namwambia aniachie siku tatu nilirushe stetasi. Likipata mtu namrudishia 15,000 yake kamili. Mpaka sasa madera yaliyokataliwa hivyo hayajawahi kunilalia zaidi ya siku mbili, kwa sababu dera lililopo mkononi watu wanalikimbilia kuliko la kusubiri. Nawe mama kwa vitumbua umeshajenga wateja wanaokuja mlangoni kila asubuhi. Wewe stetasi huhitaji, tundika moja pale barazani.

MAMA ZU MAKORORA: Marahaba. Lisinuke mafuta lakini.
— Tundika upande wa mlango, mbali na karai 😄

MDIGO HALISI: Nina watu 300 kwenye simu, stetasi zangu wanatazama 40. Shida nini?
— Mbili. Stetasi haikai zaidi ya saa 24, na anaiona yule tu aliyehifadhi namba yako kama wewe ulivyohifadhi yake. Kila anayekuuliza bei mwambie "nihifadhi". Hata ile orodha ya kutangazia ya WhatsApp inabeba watu 256, lakini asiyekuhifadhi hafikiwi. La pili, unaweka picha ngapi kwa siku?

MDIGO HALISI: Kama 35 hivi
— Kaka hiyo siyo stetasi, ni mshono wa cherehani. Nani atakaa azihesabu? Weka tano. Moja iwe ya mteja aliyepokea, kwa idhini yake.

BINTI CHUMBAGENI: Kuongezea hapo, picha za grupu kila winga anazo. Dera likifika, kabla hujalipeleka, litundike barazani saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Rangi inatoka kama ilivyo. Flashi inaichafua.
— Hili nimelichukua. Mimi nilikuwa napigia chumbani chini ya taa ya njano, zambarau inatoka kahawia. Asante mwaya.

MTU WA MIKANJUNI: Mimi nataka ile dropshipingi yenyewe, ya kuuzia Wamarekani nikiwa hapahapa. Shopify.
— Sasa hili ni swali. Kufungua duka siyo kazi, utalipia Shopify, wenye jukwaa la maduka ya mtandaoni, kila mwezi, na bidhaa unaziunganisha kutoka AliExpress, soko la mtandaoni la Wachina. Kazi ni pesa kukufikia. Shopify Payments, huduma yao ya kupokea malipo, haipo Tanzania. Stripe, kampuni nyingine ya kupokea malipo ya kadi, nayo haifungui akaunti kwa biashara ya Tanzania. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi za duka lako, tafuta njia ya kupokea malipo ya kadi inayokubalika kwa mtu mwenye usajili wa hapa, uijaribu kwa dola moja. Halafu wageni watakupata kwa matangazo ya kulipia, na hayo yanakula pesa kabla hujauza hata kimoja. Mimi ningejifunzia kwa watu wa Usagara kwanza, ambao akikasirika unamfuata kwa miguu ukamtuliza.

MTU WA MIKANJUNI: Nimekuelewa dada. Pale juu niliuliza kijinga.
— Yaishe.

NAHODHA WA DEEP SEA: Jana mteja kanitumia skrinshoti ya muamala, nikampa mzigo, kuangalia salio hakuna kitu.
— Pole sana. Skrinshoti siyo pesa, na meseji siyo pesa, maana hata meseji inatengenezwa. Fungua menyu ya simu uangalie salio lako mwenyewe, mteja akiwa bado amesimama hapo. Na jisajili Lipa Namba, ile namba ya kulipiwa ya biashara. Pesa ya mauzo inakaa peke yake, jioni unaona umeuza nini bila kuichanganya na ya mboga.

KIJANA WA PONGWE: Dada nimempata muuzaji, anasema nitume pesa yote leo kwa sababu kesho bei inapanda
— Umempigia video?

KIJANA WA PONGWE: Anasema kamera yake mbovu
— Picha za grupu anazipiga na nini?

KIJANA WA PONGWE: ...
— Usitume. Na hongera kwa kuuliza kabla.

MUHEZA KWETU: Swali la pembeni. Ninyi mnatoa vitu Dar kuleta Tanga. Huku kwetu kuna machungwa, na juu Amani kuna pilipili manga, iliki, mdalasini. Mtu wa Dar akiagiza kwa stetasi, nikanunue kwa mkulima, nipakie basi linalotelemka. Si ni kitu kilekile kimegeuzwa?
— Ndugu yangu, umenifungua macho! Ni kilekile. Machungwa ningeyaacha, mazito na yanaoza mzigo ukilala stendi. Lakini iliki na pilipili manga ni vyepesi, havivunjiki, na mteja akishapata nzuri anarudi. Kile kipimo cha mkono ndani ya dera, kwako kiwe hivi: mwambie mkulima amwage kiganjani mbele ya kamera, azisugue. Iliyokauka vizuri inagonga, mbichi inateleza kimya. Mteja mfungashie robo robo. Nina wateja wangu wawili wamehamia Mbagala wanalia na iliki ya dukani.

MUHEZA KWETU: Robo naweza. Tatizo sina mizani ya uhakika.
— Ninayo ya mama ya kupimia unga, inasoma gramu. Jumamosi nakuja Muheza kwa shangazi. Njoo na pilipili nusu kilo na uniambie bei ya shambani, cha juu tutakipanga hapohapo.