Umeambiwa upandikizwe uloto? Anzia hapa

Uloto ni ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hapa nasema na wenye saratani ya damu. Kwanza usiuze kiwanja wiki hiyohiyo. Rudi kwa daktari wa damu umuulize, saratani yangu ni aina gani na kwa nini nipandikizwe sasa, maana hazifanani. Mwenye CML (saratani ya damu inayokwenda polepole) siku hizi anaanzia kwenye vidonge kama imatinibu na wengi wanaishi nayo miaka kibao bila kupandikizwa, ila mwenye mayeloma (saratani ya seli za kinga zilizo ndani ya uloto) ambaye mwili una nguvu anaweza kuambiwa apandikizwe baada ya miezi michache tu ya dawa. Na mayeloma kwa kawaida haiponi kabisa hata ukipandikizwa, unachotafuta ni ugonjwa ulale muda mrefu, hilo waambie na wa nyumbani mapema.

Uliza pia, seli za kutengeneza damu nitakazopandikizwa ni zangu au za ndugu? Kwa mayeloma mara nyingi ni zako mwenyewe. Zikihitajika za ndugu, kila mmoja wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana nawe kikamilifu. Kabla ya kukata tiketi ya India ulizia hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, walianza kupandikiza 2021.

Halafu meno, yatibiwe kabla, jino bovu likiamka kinga ikiwa chini ni balaa. Na kijana anayetaka watoto baadaye aseme kabla ya kemo kali (dawa za kuua saratani), sio baada.

Watu wanadhani ni upasuaji, hapana jamani. Kama seli ni zako mwenyewe, unachomwa sindano siku 4 au 5 ili seli zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu (mama yangu kiuno kilimuuma hadi machozi, mwambieni daktari kuna dawa ya maumivu), kisha mashine inazichuja masaa kadhaa, zinagandishwa. Inafuata melfalani, hiyo ndiyo kemo yenyewe. Wakati inaingia nyonya barafu, kabla, katikati na baada, hata meno yakifa ganzi, inapunguza sana vidonda vya mdomo, mama aligoma nikawa nambembeleza kipande kimojakimoja. Baada ya siku 1 au 2 seli zinarudishwa kwa dripu kama unavyoongezewa damu, chumba kinanuka kama kitunguu saumu, ni dawa ya kuhifadhia tu msiogope.

Wiki 2 zinazofuata ndio ngumu, mwili hauna askari. Na mkisharudi nyumbani msimamo ni uleule: kachumbari hapana, maji yachemshwe, na wale wa kuja kutoa pole kumi kwa mpigo waambieni wapige simu, wakinuna wanune. Nunueni kipimajoto, ikifika 38 ni hospitali saa hiyohiyo hata usiku wa manane, usimeze panadol ukasubiri kukuche. Chanjo zako za utotoni nazo zinaweza kuwa zimefutika, kuanzia mwezi wa 6 hivi muulize daktari ni lini unaanza kuchanjwa upya.