Arei ya mwisho kwenye struct, acha mabano matupu

Wadau wa lugha ya C, kama struct yako (kifurushi cha data za aina tofauti) ina arei, yaani safu ya data, ambayo urefu wake unajulikana programu ikishaanza kazi, achaneni na ile mbinu ya kizamani ya kuandika char data[1], tangu C99 (toleo la C la 1999) unaandika tu char data[]. Mabano matupu kabisa, ila lazima iwe ya mwisho na juu yake kuwe na kitu kingine, mfano size_t urefu (namba ya kushika urefu). Memori unaomba mara moja, p = malloc(sizeof *p + n), p ni pointa ya struct na n ni idadi ya vitu kwenye arei, maana sizeof, inayotoa saizi kwa baiti, haihesabu hiyo arei, na free(p) moja inatosha kuirudisha. Kama arei ni ya int badala ya char, weka n * sizeof(int), hapa ndo wengi wanateleza. Halafu usikopi struct moja kwenda nyingine kwa *a = *b aisee, data ya arei inabaki nyuma, tumia memcpy na saizi nzima, pamoja na arei.