Kupata nafasi ya utafiti wa ikolojia msituni katika likizo ndefu

Likizo ndefu ya vyuo vingi vya Uganda huangukia kati ya Juni na Agosti, wakati mvua za masika zimeshapungua na njia za msituni zinapitika. Hizo ni kama wiki 8 za kazi. Anza kutafuta nafasi Januari. Kinachowakwamisha wanafunzi wengi ni kibali kuchelewa, hata wale ambao somo wanalijua vizuri.

Vituo vinavyofaa kuandikiwa ni vichache. Kanyawara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kibale karibu na Fort Portal, ni kituo cha Chuo Kikuu cha Makerere. Ruhija, huko Bwindi, kuna taasisi ya uhifadhi wa misitu iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Mbarara. Pako juu ya mita 2,000, kwa hiyo beba sweta. Sonso, katika msitu wa Budongo, utafiti wa sokwe ulianza mwaka 1990. Anayependa samaki aandikie NaFIRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi iliyoko Jinja, na wa ndege ajiunge na NatureUganda, shirika la uhifadhi linalohesabu ndege pamoja na watu wa kujitolea.

Barua yako isizidi ukurasa mmoja. Taja tarehe unazopatikana, swali moja unalotaka kulijibu, kazi unazoziweza (kutambua mimea, kutumia GPS, kuingiza data), na nani atalipia chakula na malazi, kwa sababu vituo hutoza. Barua ya "naomba nafasi yoyote" humwachia mtafiti kazi ya kukufikiria, na aghalabu haijibiwi. Ambatisha barua ya utambulisho ya idara yako.

Kuhusu vibali: utafiti husajiliwa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Kibale na Bwindi ni hifadhi za taifa, kwa hiyo ruhusa ya kuingia kufanya utafiti hutoka UWA, mamlaka ya wanyamapori. Budongo ni msitu wa akiba, uko chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, njia nyepesi ni kumwomba msimamizi aliye na mradi tayari aulize kama jina lako linaweza kuongezwa kwenye kibali chake. Ukipanga kuwahoji wakulima kuhusu tembo wanaokula mahindi, itakubidi upite pia kamati ya maadili, na likizo inaweza kuisha bado unasubiri. Kwa wiki 8, miti inafaa zaidi.

Swali liwe dogo. Kwa mfano: je, miche ya miti ni mingi ndani ya msitu kuliko ukingoni? Weka mistari 6 kuanzia ukingoni kuingia ndani, iachane angalau mita 200. Katika kila mstari pima ploti za mita 20 kwa 20 kwenye mita 0, 100, 200 na 400. Jumla ni ploti 24. Pima miti yote yenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi, na uhesabu miche katika kona ya mita 5 kwa 5. Watu wawili wakimaliza ploti 2 kwa siku, ni siku 12. Panga 18, maana mvua itanyesha tu. Kosa kubwa ni kuzipanga ploti zote kwenye mstari mmoja: udongo na mteremko ni uleule, kwa hiyo una ploti 24 lakini kwa kweli umepima mahali pamoja.

Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kata fimbo ya urefu huo, usikadirie kwa kifua. Mti wenye mizizi mipana iliyopanda shina kama mbao, pima juu ya pale mizizi inapoishia, na uandike urefu huo. Ukitumia tepu ya fundi cherehani unapata mzingo. Gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha 29.9. Ukisahau kugawanya, eneo la shina litaongezeka karibu mara 10, na jedwali halitakuambia lolote. Kwa hiyo safu ya daftari iandikwe wazi "mzingo".

Andika kwa penseli. Biro haiandiki vizuri kwenye karatasi iliyolowa. Kila jioni piga picha kurasa zote na uziingize kwenye kompyuta siku hiyohiyo, ungali unakumbuka. Wasaidizi wa msituni wa Kibale huijua miti kwa majina ya Kitooro, lugha ya huko: yaandike hayo kwanza, jina la kisayansi utalithibitisha baadaye kwa sampuli. Vaa gambuti, na suruali uichomeke ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu.

Ukiwa na mafua, usiingie msituni. Mwaka 2013 virusi vya mafua ya kawaida ya binadamu viliua sokwe 5 wa Kanyawara. Hata kikohozi kidogo, mwambie msimamizi asubuhi kabla ya kutoka.

Kabla ya kuondoka, iachie kituo nakala ya data pamoja na GPS ya kila kona na maelezo ya kila safu, ili atakayekuja mwakani aweze kurudi kwenye ploti zilezile.