SOMO: Kuchagua jukwaa la kupigia seti mubashara, leseni na malipo yakiwemo

Wakuu, ma-DJ wengi wananiuliza wapige wapi ili wapate watu. Naomba muanze na swali jingine: jukwaa hilo linamlipaje mwenye wimbo? Jibu lake ndilo linaloamua kama seti yako, yaani muziki unaoupiga mfululizo, itafika mwisho, kama itabaki baada ya kuzima mashine, na kama hela unayoiona kwenye chaneli yako itakufikia mkononi.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Usiku mmoja wakati wa korona nilikuwa napiga zilipendwa, watu mia mbili na kitu ndani, salamu zinamiminika kutoka Tanga mpaka Maskati. Dakika ya arobaini hivi, ndiyo kwanza nimeingiza rhumba, nikaona maoni yanabadilika: "sauti hakuna", "DJ hatukusikii", "umekata?" Kwenye hedifoni nasikia kila kitu. Nikachomoa waya, nikachomeka, nikazima miksa na kuiwasha tena. Kumbe jukwaa lenyewe ndilo limezima sauti, na taarifa iko kwenye barua pepe niliyoifungua asubuhi. Nilipozima mashine walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Hatua ya 1: Jua unagusa haki za nani

Wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani mashairi na melodi, na ya rekodi yenyewe. DJ anayerusha mtandaoni anazigusa zote. Kununua wimbo, au kuupata kwenye huduma zinazowagawia ma-DJ nyimbo, kunakupa faili la kupigia. Ruhusa ya kurusha ni jambo lingine. Leseni aliyolipia mwenye baa nayo inahusu spika za baa yake, haikufuati ukienda hewani.

Kwa Tanzania mlango wa kubisha ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na sheria yenyewe ya hakimiliki ni Na. 7 ya 1999. Kwa Kenya, kwa miaka mingi MCSK imekuwa chama cha watunzi, KAMP cha watayarishaji wa rekodi, na PRISK cha wasanii waliotumbuiza. Vyama hivi hupewa leseni na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na suala hilo limekuwa na mvutano wa muda mrefu. Kabla hujalipa chama chochote, uliza KECOBO nani ana leseni mwaka huu.

Hatua ya 2: Pima jukwaa moja moja

*Twitch.* Mwaka 2020 ma-DJ walihamia huku kwa wingi, na mwaka huohuo madai ya hakimiliki yakamiminika, mengi yakihusu vipande vya video vya miaka ya nyuma. Mwaka 2024 wakaanzisha mpango maalumu wa ma-DJ, wenye makubaliano na kampuni kubwa za muziki Universal, Sony na Warner, na lebo huru kupitia Merlin, wakala wao. Ukijiunga, sehemu ya mapato yako huenda kwa wenye muziki, na gharama hiyo kwa kawaida mnagawana nusu kwa nusu na Twitch. Kama huingizi kitu, hukatwi kitu. Naupenda mpango huu kwa sababu umeweka wazi nani analipwa. Lakini shika hili: unahusu muda ulio hewani tu. Marudio na vipande vifupi havimo. Zima uhifadhi wa video kabla ya seti ya kwanza, siyo baada ya onyo.

*Mixcloud.* Hawa wa London wamejenga kazi yao yote kwenye leseni, na huduma yao ya mubashara ilianza Aprili 2020. Hapa mzigo umegeuzwa: DJ ndiye analipa ada ya usajili ili arushe, na seti haizimwi katikati. Unaweza kuihifadhi ikaendelea kusikilizwa kihalali. Tatizo ni watu. Shangazi yako wa Mwanza hana akaunti huko, itabidi umtumie kiungo na kumwelekeza. Kwa anayetaka maktaba ya miksi zake ibaki miaka, mimi namwambia aanzie hapa.

*YouTube.* Watu wetu wako huku. Ila kuna Content ID, mashine inayolinganisha sauti yako na rekodi zilizosajiliwa. Mwenye rekodi anaweza kuchukua mapato, kuizuia video, au urushaji wako ukakatwa palepale. Madai ya Content ID siyo onyo, lakini maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kukufutia chaneli. Kupata mgawo wa matangazo kunahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Na hata ukifika, miksi yenye madai hela yake inaenda kwa mwenye wimbo.

*Facebook na Instagram.* Masharti yao yanakataza video zinazotengenezwa ziwe za kusikiliza muziki. Seti ya saa mbili ni hiyohiyo. Tumieni kutangaza tu. *TikTok* nayo ni nzuri kwa kipande kifupi na zawadi za mashabiki, seti ndefu sipeleki.

Hatua ya 3: Hesabu hela kuanzia mkononi

Usianze na bei anayolipa shabiki. Twitch, Bits 500 (sarafu za zawadi ambazo mashabiki hununua) ni dola 5 kwako, kabla ya mgawo wa muziki. YouTube, mchango wa dola 10 wakati uko hewani unakuachia kama dola 7. Kisha kuna kodi: mapato ya watazamaji walioko Marekani yanaweza kukatwa 30%, maana Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani. Jazeni mapema fomu ya W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wasio raia wake. YouTube wakikosa taarifa zako wanaweza kukata mpaka 24% ya mapato yote, hata ya mtazamaji wa Dodoma. Mwisho kuna kiwango cha chini cha kutoa: AdSense, mfumo wa Google unaolipa hela za YouTube, hailipi mpaka ifike dola 100.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kutangaza

Piga nusu saa siku isiyo na watu. Chukua sauti kwenye tundu la kurekodia la miksa, siyo maiki ya simu. Sikiliza kwa simu nyingine iliyo chumba cha pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikiandika "sina haki za muziki huu" inasaidia?
Hapana. Umekiri tu.

Nikiongeza kasi ya wimbo kidogo mashine itanitambua?
Mara nyingi itakutambua, na unaharibu wimbo wa mtu kwa bure.

Kaka, saa tatu hewani zinakula bando kiasi gani?
Ukituma picha kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde na sauti 160, ni kama GB 1.2 kwa saa. Saa tatu weka GB 4, na laini ya pili pembeni.

Msanii wa singeli ni rafiki yangu, kaniruhusu kwa mdomo. Mbona YouTube wamenidai?
Kwa sababu mashine haimjui rafiki yako, inamjua msambazaji wake. Mwombe amwandikie msambazaji aiweke chaneli yako kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Na ruhusa yenyewe ichukue kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, ikitaja wimbo na tarehe.

Mwalimu, bibi harusi anataka Facebook mubashara, ndugu zake wako Oman. Nifanyeje, dada wa watu asilie?
Mweleze kabla ya siku, siyo ukumbini. Rusha nikahi, hotuba na salamu kwa sauti ya maiki peke yake. Muziki ukianza, funga urushaji wa Facebook, wanaotaka kucheza wapewe kiungo cha Mixcloud. Kiungo hicho kitumwe kwenye kundi la familia tangu asubuhi, na kijana mmoja kule Maskati akijaribu kwenye televisheni yao kabla wageni hawajafika.